Tajiri Anapokimbia: Nani Anastahili Hifadhi?



Ukisimama ufukoni Kilwa, ng'ambo ya maji ni Zambia. Tunasema juu ya Kilwa yetu, ile ya ziwa Mweru, katika wilaya ya Pweto, jimbo la Haut-Katanga. Si Kilwa ya pwani ya Tanzania. Mitumbwi ya wavuvi na wachuuzi huvuka na kurudi. Na zaidi ya mara moja mitumbwi hiyo hiyo imebeba watu wanaokimbia kifo.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Kesho yake jeshi lilikuja kuurudisha mji. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulionyesha kwamba watu zaidi ya 70 waliuawa, na baadhi yao waliuawa bila kuhukumiwa na mtu yeyote. Wakaaji wengi walikimbia, na kati yao wako waliovuka maji. Tena mwaka 2017 na 2018, vita vya Haut-Katanga na Tanganyika vilisukuma maelfu ya ndugu zetu hadi jimbo la Luapula, hata Zambia ikafungua makao ya wakimbizi ya Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge.

Mama aliyeshuka mtumbwini na watoto wake hakuulizwa ana pesa ngapi benki. Aliulizwa anatoka wapi na anakimbia nini. Hilo ndilo swali la kweli la hifadhi.

Lakini yuko mkimbizi wa namna nyingine. Huyu hapandi mtumbwi, hupanda ndege. Ana nyumba tayari huko aendako, ana wakili, na ana rafiki ikulu. Kwao anatafutwa kwa damu iliyomwagika au kwa mali ya taifa iliyopotea. Naye pia husema neno lile lile alilosema mama wa Kilwa: «Nipeni hifadhi.» Hapo serikali huanza kugombana, magazeti hujaa, na Wakristo makanisani hugawanyika. Wengine husema, «Mgeni ni mgeni, mpokeeni.» Wengine husema, «Mwizi ni mwizi, mrudisheni.»

Katika makala hii tunataka kueleza jambo hili kwa utulivu: sheria inasema nini, historia yetu wenyewe inatufundisha nini, na Neno la Mungu linatuonyesha njia gani.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamlinda mtu anayeogopa, kwa sababu ya kweli, kuteswa kwao kwa ajili ya rangi yake, dini yake, taifa lake, kundi lake au mawazo yake ya kisiasa. Afrika ikaongeza mkataba wake, uliopitishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ukaanza kufanya kazi tarehe 20 Juni 1974. Huo unamlinda pia anayekimbia vita na machafuko. Kwa hiyo mama wa Kilwa analindwa hata kama hajui lolote la siasa.

Mkataba huo wa Afrika una mambo mawili ambayo watu wengi hawayajui. La kwanza: nchi ikimpa mtu hifadhi, nchi nyingine haipaswi kuona hilo kuwa ni kitendo cha uadui. Ni kazi ya amani na ya kibinadamu. La pili: hifadhi ina mipaka. Haimhusu mtu ambaye ziko sababu nzito za kuamini kwamba alitenda jinai za kivita, au jinai dhidi ya ubinadamu, au kosa kubwa lisilo la kisiasa kabla ya kuingia katika nchi anayoomba. Na aliyepokelewa hana ruhusa ya kutumia nchi hiyo kushambulia nchi alikotoka.

Angalieni vizuri: sheria haisemi neno juu ya utajiri. Tajiri anaweza kuwa mkimbizi wa kweli. Sisi Wakongomani tunajua kwamba mahakama inaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kumpiga mpinzani, na kwamba mashtaka ya mali mara nyingine ni kisingizio tu. Vilevile tajiri anaweza kuwa mtu anayekimbia hesabu yake. Ugomvi wote unatoka hapo. Wanaomtaka husema ni mhalifu, wanaompokea husema ni mtu wa siasa, na mara nyingi pande zote mbili zina faida zao zisizosemwa.

Mtoto wa Katanga aliyekufa Algiers

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Moïse Tshombe alizaliwa mwaka 1919 huko Musumba, katika nyumba ya mfanyabiashara mwenye mali, akasoma katika shule ya misheni ya Wamethodisti. Alikuwa mtu wa makanisa yetu ya Kiprotestanti. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza uhuru wa Katanga. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba na wenzake wawili waliletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakauawa usiku ule ule, wakati Tshombe ndiye mkuu wa serikali ya Katanga.

Utengano ulipovunjika mwaka 1963, Tshombe alitoka nje, akafika Uhispania. Mwaka 1964 aliitwa tena akawa waziri mkuu wa Kongo nzima. Mwaka 1965 aliondolewa, Mobutu akachukua utawala tarehe 24 Novemba, na Tshombe akarudi tena Uhispania. Mwezi wa Machi 1967 mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo kwa uhaini, mwenyewe hayupo.

Tarehe 30 Juni 1967, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ndege aliyopanda katika anga la visiwa vya Uhispania ilitekwa kwa silaha na kupelekwa Algeria. Kinshasa ikadai apewe mara moja. Tarehe 21 Julai Mahakama Kuu ya Algeria ikaamua kwamba anaweza kutolewa. Lakini rais Boumédiène hakumtoa, wala hakumwachilia. Ilibaki hivyo miaka miwili. Tarehe 29 Juni 1969 Tshombe alikufa akiwa kizuizini Algeria, na akazikwa Ubelgiji. Wiki kumi baadaye wakuu wa Afrika walipitisha Addis Ababa ule mkataba tuliotaja.

Tunajua kwamba jina hili bado linauma. Katika jimbo letu wako wanaomkumbuka kama baba, na wako ambao familia zao ziliumia chini ya utawala wake. Hatuandiki ili kufungua vidonda. Tunataka tu muone jinsi ugomvi ule ulivyokwisha. Kama angerudishwa Kinshasa, kamba ilikuwa inamngoja, bila kesi ya haki. Kwa kukataa kumtoa, Algeria ilizuia kifo hicho. Lakini haikumpa mahakama nyingine pia. Matokeo yake ni kwamba Tshombe hakuonyeshwa haki, na familia ya Lumumba haikuonyeshwa haki. Maswali ambayo angeweza kuulizwa mbele ya majaji aliingia nayo kaburini, na Wakongomani bado wanaulizana mpaka leo.

Mali nayo inakimbia

Mfano wa pili tunaukumbuka wengi wetu. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu aliondoka Kinshasa, akapita Gbadolite, akafika Togo, kisha Moroko, akafa Rabat tarehe 7 Septemba mwaka ule ule. Alikuwa mgonjwa sana, na wengi walisema, mwacheni afe kwa amani. Neno hilo la huruma tunalielewa.

Lakini mali iliyohesabiwa kuwa ya Wazairi haikuwa mgonjwa. Uswisi ilifunga akaunti zake mwaka 1997. Ikapita miaka 12 ya barua na kesi. Mwaka 2009 mahakama ya Uswisi iliona kwamba muda wa kisheria umepita, na franka za Uswisi karibu milioni 7.7 zikarudishwa kwa warithi wake, si kwa shule wala hospitali za Kongo. Waswisi wenyewe waliona aibu, wakatunga sheria mpya iliyoanza mwaka 2011 ili mali ya namna hiyo iweze kurudishwa kwa wananchi hata kama nchi iliyoibiwa ni dhaifu mno kuendesha kesi.

Hapa tunajifunza jambo moja: kumpa hifadhi mtu na kuipa hifadhi mali yake ni mambo mawili tofauti. Mwili wa mtu unaweza kulindwa na kifo, huku akaunti zake zikifunguliwa na kuhesabiwa. Huruma kwa mgonjwa haidai kwamba kila alichobeba kiwe halali yake.

Kwa nini wakubwa wanagombana

Nchi hupokea watoro wakubwa kwa sababu mbalimbali. Sababu moja ni nzuri: kuzuia damu. Agosti 2003 Nigeria ilimpokea Charles Taylor wa Liberia, ili vita viishe Monrovia. Vita viliisha. Lakini mahakama ya Sierra Leone ilikuwa imekwisha kumshtaki, na wahanga waliokatwa mikono walimwona anakaa salama Calabar. Ugomvi uliendelea mpaka Machi 2006, serikali iliyochaguliwa ya Liberia ilipoomba atolewe. Alikamatwa akijaribu kuvuka kwenda Kamerun. Mwaka 2012 alihukumiwa miaka 50.

Sababu nyingine si nzuri: urafiki wa wakubwa, na pesa. Félicien Kabuga, mfanyabiashara tajiri wa Rwanda, alishtakiwa kwamba mali yake ilisaidia mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka huo huo aliomba hifadhi Uswisi. Uswisi ilimkataa, lakini badala ya kumkamata ilimpandisha ndege ya kuja kwetu, Kinshasa. Baadaye Marekani na mahakama ya Arusha walilalamika miaka mingi kwamba amejificha Kenya kwa msaada wa wenye nguvu, na serikali ya Kenya ikakana. Alikamatwa karibu na Paris tarehe 16 Mei 2020, baada ya miaka 26. Mwaka 2023 majaji waliona kwamba akili yake imedhoofika kwa uzee, hawezi tena kusimama katika kesi. Wafiwa walisubiri, na jibu halikuja. Maskini angewezaje kujificha miaka 26?

Lakini kuna mfano unaotia moyo. Hissène Habré alikimbia Chad mwaka 1990, akakaa Dakar zaidi ya miaka 20 akiheshimiwa na majirani. Wahanga wake, wengi wao watu wa kawaida, hawakuchoka. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiambia Senegal kwamba kama haitaki kumtoa, basi imhukumu yenyewe bila kuchelewa. Senegal na Umoja wa Afrika wakaunda mahakama maalumu mjini Dakar, na tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha. Hakurudishwa Chad, ambako alikuwa amehukumiwa kifo. Hakufichwa pia. Njia hii ya tatu ndiyo iliyokosekana kwa Tshombe.

Miji sita ya makimbilio

Ndugu, njia hii ya tatu si ngeni kwa msomaji wa Biblia. Someni Hesabu 35, Kumbukumbu la Torati 19 na Yoshua 20. Mungu aliagiza miji sita ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande mmoja wa Yordani, Bezeri, Ramothi na Golani upande wa pili. Ilikuwa kwa Mwisraeli na kwa mgeni pia. Aliyeua mtu bila kukusudia angekimbilia huko, ili mlipiza kisasi asimwue kabla hajasikilizwa.

Tazameni jinsi mlango wa mji ule ulivyofanya kazi. Kwanza, aliyekimbia alisimama langoni akaeleza habari yake masikioni mwa wazee. Hakuingia kimya kimya. Pili, walimpa mahali pa kukaa, wala hawakumtia mikononi mwa mlipiza kisasi. Tatu, alisimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Kama aliua kwa chuki na kwa kuvizia, mji haukumficha. Kama hakukusudia, alilindwa.

Na nne, ambalo tunalipita haraka tunaposoma: Hesabu 35, mstari wa 31 na 32. Fidia ya pesa haikukubaliwa kwa muuaji, wala haikukubaliwa kwa mtu aliyekimbilia mji wa makimbilio ili arudi kwake kabla ya wakati. Yaani mfuko wa fedha haukuweza kumtoa mtu mahali pale. Mungu alijua tangu zamani kwamba tajiri atajaribu kununua mlango.

Biblia ina pia mfano wa hifadhi iliyokwenda vibaya. Absalomu alipomwua Amnoni, alikimbilia Geshuri kwa mfalme Talmai, baba wa mama yake, akakaa miaka mitatu (2 Samweli 13). Hakuna mzee aliyemhoji langoni, maana alikuwa mjukuu wa mfalme. Kisha akarudishwa Yerusalemu bila hukumu na bila toba, miaka miwili hakuuona uso wa baba yake. Kosa halikushughulikiwa, likafunikwa tu. Tunajua mwisho wake: vita, maelfu ya wafu, na Daudi akilia juu ya lango.

Nasi tufanye nini?

Hatuna ikulu wala mahakama. Lakini tuna mimbari, tuna mikutano ya kina mama na ya vijana, na tuna vinywa vinavyosema barabarani na sokoni. Tunawaomba makutaniko yetu mambo manne.

La kwanza, tusimhukumu mtu kwa mfuko wake wala kwa kabila lake. Tunaposikia kwamba mkubwa fulani ameomba hifadhi mahali fulani, tuulize maswali matatu. Huko kwao anangojwa na kifo au mateso, ama anangojwa na kesi ya haki? Anatakiwa kujibu kwa mawazo yake, ama kwa damu na mali ya watu? Na kama hawezi kurudishwa, nani atamsikiliza huko aliko? Tukiuliza maswali hayo kwa mtu tunayempenda na kwa mtu tusiyempenda sawasawa, tutakuwa tumeanza kutenda haki.

La pili, hasira yetu kwa watoro matajiri isimwangukie mkimbizi maskini. Mara nyingi habari ya kigogo mmoja aliyejificha hufanya watu waseme, «Wakimbizi wote ni waongo.» Kumbukeni kwamba Yusufu na Mariamu walipita mpakani wakiwa na mtoto mchanga, na Misri iliwapokea. Kumbukeni pia kwamba watu wa Luapula waliwapokea watu wetu wa ziwa. Mgeni anayeshuka mtumbwini kwetu kesho apate nafasi ile ile.

La tatu, tutunze kumbukumbu. Habré alihukumiwa kwa sababu wahanga waliandika majina, tarehe na mahali. Watu wa Kilwa pia hawakunyamaza. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi, mwaka 2007, haikumtia mtu hatiani kwa mauaji ya Kilwa. Kesi ikapelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba Tume imeona serikali yetu ina makosa na inapaswa kuwalipa waathirika dola milioni 2.5. Uamuzi huo ulijengwa juu ya maneno ya mashahidi. Mchungaji au mzee wa kanisa anayejua kuandika anaweza kuanza leo kuandika yaliyotokea kijijini kwake, kwa ukweli, bila kuongeza.

La nne, tusichanganye msamaha na kuficha. Zakayo alipompokea Bwana Yesu nyumbani, hakusema «nimesamehewa, yamekwisha.» Alisimama mbele ya watu akahesabu, akaahidi kurudisha mara nne. Tajiri anayetaka kweli mkono wa Mungu hakimbii hesabu yake. Na kanisa linalompenda kweli humsaidia kuikabili: humkinga na mlipiza kisasi, na humshika mkono mpaka langoni kwa wazee.

Ufukoni Kilwa wako watu ambao tangu 2004 wanangoja kusikilizwa. Hawajaomba nyumba Madrid wala Rabat. Waliomba tu kwamba aliyetenda aulizwe, na aliyepoteza ajibiwe. Tuwaombee hao, tuwaombee pia viongozi wanaoamua nani aingie na nani akataliwe, ili wasipokee mfuko wa fedha langoni.

Bwana awe nanyi nyote.